Hapo Mwanaume Yuko Wapi?

Jumapili baada ya misa wasichana walipanga foleni ya uji, na aliyeshika upawa ni Mwalimu Kezia, maana mpishi alikuwa na malaria na matroni aliacha kazi tangu Agosti. Mwalimu wa Biolojia, matroni, nesi, na leo mpishi. Ukifundisha shule ya masista huku Nyarero, kichwa kimoja kinabeba vyeo vinne. Kesho kidato cha nne wanaanza mtihani wa taifa, kwa hiyo Kezia alimjazia kila mmoja kikombe mpaka juu.

Happy alijaziwa chake, akabaki amesimama.

"Sogea, wenzako wana njaa."

"Madam, Rhobi harudi."

"Harudi vipi? Yuko kwenye msiba wa bibi yake. Anarudi jioni."

Happy aliangalia uji wake. "Bibi yake tulimzika nikiwa darasa la tano."

Ijumaa baba yake Rhobi, Mzee Mogesi, alikuja getini, kofia mkononi, macho mekundu, akasema mama yake mzazi amefariki. Nani atamnyima mtoto wa Kikurya kwenda kumzika bibi yake? Kezia akatoa ruhusa ya siku mbili na pole juu yake. Pole! Amempa pole mtu aliyekuwa anakwenda kumwoza binti yake.

"Wamempeleka kwa nani?"

"Kwa Bibi Nyangi. Nyumba ntobhu."

Kezia ni mtu wa Natta, si Mkurya, lakini miaka sita ya kufundisha Tarime ilikuwa imemfundisha neno hilo. Mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana. Msichana hutafutiwa mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ya mjane.

Sista Neema, mkuu wa shule, alipiga simu polisi mjini. Wakajibu kwa upole kabisa: leteni barua ya mtendaji wa kijiji.

"Nenda, Mwalimu," Sista alisema. "Mimi siwezi kutoka, wasimamizi wanafika saa tisa. Nitasali."

"Sali, Sista. Lakini na simu usiiweke chini."

Akapanda pikipiki mpaka kijijini kwa Bibi Nyangi, upande wa Nyamwaga, vumbi likimjaa mpaka kwenye meno. Mtendaji alikuwa barazani kwake, nusu ya ndevu zimenyolewa, nusu bado zina sabuni. Alisikiliza bila kuacha kioo.

"Sheria naijua, Mwalimu. Ukioa mwanafunzi, miaka thelathini. Sasa nimkamate nani? Hapo mwanaume yuko wapi?"

"Sheria inasema mtu yeyote."

"Nimfunge pingu bibi wa miaka sabini? Kijiji kizima kitanicheka."

"Basi niandikie barua tu. Polisi wanaitaka."

"Muhuri uko ofisini. Ofisi inafunguliwa Jumatatu."

"Jumatatu saa mbili mtihani unaanza!"

"Basi njoo saa tatu." Akasuuza wembe. "Halafu wewe ni wa Natta. Mambo ya Wakurya waachie Wakurya."

Kezia alitamani ambwagie beseni lile kichwani. Akaaga kwa heshima, kama tulivyozoeshwa wote kuwaaga watu wanaotuangamiza.

Kwa Bibi Nyangi alitoa shikamoo, akapewa kiti cha heshima. Rhobi alikuwa anachambua maharage, amevaa kitenge kipya. Alipomwona mwalimu wake alisimama wima, mikono nyuma, kama darasani.

"Chukua begi lako, mwanangu. Pikipiki inasubiri."

Rhobi hakusogea.

"Mlango huo uko wazi," Bibi Nyangi alisema. "Sijamfunga kamba. Lakini usikie na yangu, Mwalimu. Nimezaa wasichana watano, wote wameolewa mbali. Nikifa leo, shemeji zangu watalima mpaka juu ya kaburi langu. Hiyo sheria yenu imeniwekea nini mimi?"

Kezia akamgeukia msichana. "Rhobi, wewe ni wa pili darasani. Twende."

"Ng'ombe wameshatoka, madam. Kaka yangu Wangwe ameoa kwa ng'ombe hao jana." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nikiondoka, baba anamleta Matiko."

Matiko, mdogo wake wa kike, alikuwa darasa la sita.

"Wiki tatu tu, mama," Kezia alimsihi mjane, na aibu ikamchoma kwa alichokuwa anaomba. "Afanye mtihani, kisha arudi."

"Wiki tatu kwa masista? Mwaka juzi walimchukua msichana wa jirani yangu. Hajarudi mpaka leo. Nikimwachia simwoni tena, na wewe unajua."

Kezia alijua, maana ndivyo alivyokuwa amepanga.

"Mwambie Happy achukue madaftari yangu," Rhobi alisema, akainama tena kwenye maharage. Njia nzima ya kurudi Kezia alilia, na dereva wa pikipiki akajifanya hasikii.

Jumatatu saa mbili na nusu msimamizi, kijana mwenye tai, alimwita mlangoni mwa chumba cha mtihani akampa fomu ya wasiofika. Jina lilikuwa moja tu, na mbele yake nafasi ya sababu.

"Andika utoro. Wote huwa tunaandika utoro."

"Hakutoroka."

"Basi ugonjwa. Mwalimu, tusicheleweshane."

"Andika tu, Kezia," Sista Neema alinong'ona. "Jina la shule litachafuka."

Kezia akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Ameozwa kwa Nyangi. Baba yake anajua. Mtendaji anajua. Polisi wanajua. Sisi tunajua.*

Msimamizi alisoma, akashusha pumzi. "Bahati nzuri nina fomu nyingine." Akaandika mwenyewe utoro, na Sista akaweka sahihi bila kuinua macho.

Kezia aliichukua ile iliyokataliwa. Akavuka uwanja mpaka kanisani, kwenye ubao wa nje ambapo padre hubandika majina ya wanaotaka kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Wiki hiyo kulikuwa na majina ya jozi tatu za wachumba. Akatafuta pini, akaibandika fomu katikati yao.