Tishari la Takataka

Asubuhi ile Mzee Protase wa Nyakasimbi alimwonya bintiye Mackrine kwa neno moja tu: "Wakwe wakija, sema unafanya kazi za kompyuta. Basi. Hayo ya takataka yaache hukohuko Mwanza."

Wakwe walikuwa wa Igurwa, watu wazito, na Protase alitaka posa ipite bila mtu kumcheka mwanawe. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Wakaja, wakaamkiana, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikazunguka. Mara mshenga wao Yustus, mtu asiye na breki mdomoni, akauliza: "Eti jamani, ni kweli mchumba wetu ni mtu wa majalala?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Protase akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mackrine wala hakutahayari. Akaleta kompyuta, akaiweka mezani. "Hili ni jiji, hili ni ziwa. Malori yanashusha taka gatini, tishari, chombo bapa cha mizigo, linazivusha hadi dampo la ng'ambo. Jiji halijanunua tishari hata moja, wanasubiri nijaribu humu kwanza. Haya, upepo huo!" Akabonyeza. Tishari likakwama majini, na gatini rundo la taka likapanda, likapanda, hadi likaziba barabara ya sokoni.

"Mama yangu!" akaguta shangazi wa mchumba wake.

Mackrine akaongeza tishari la akiba, rundo likapungua hadi likaisha. Kisha akalipakia tishari kupita kiasi makusudi, waone. Likazama.

"Kumbe mchezo wa watoto!" Yustus akadakia. "Umeshazamisha mangapi hivyo?"

Kabla Mackrine hajajibu, Protase alikwishasimama, kifua kimemjaa. Hakuwahi kuiona kazi hii kwa macho yake.

"Mengi!" akanguruma. "Anayazamisha humo ndani ili kule ziwani lisizame hata moja na mtoto wa mtu! Jiji zima linamngoja yeye, umesikia? Binti yangu ni mtu wa takataka, mshenga. Kama hamumtaki hivyo, kahawa mmeshatafuna, njia mnaijua."

Yustus akamvutia kiti. "Mzee wangu, kaa basi. Tunamtaka hivyohivyo."

Protase hakukaa. Akamgeukia bintiye, machozi yanamlengalenga, wala hakujali nani anamwona.

"Mama," akasema, "hebu waonyeshe tena."