Hakuna Aliyeinua Mkono

Walikuwa wamekwisha kuipita Kasulu, chai haijamiminwa bado, Leonia alipohisi masikio yanaziba. Akameza mate, yakazibuka, yakaziba tena. Miaka sita ya kuhudumia abiria angani ilimtosha kujua kwamba kuna jambo. Mlango wa nyuma ulikuwa unapiga mluzi. Mpira wake wa kuzibia hewa ulikuwa umeandikwa kwenye kitabu cha mafundi tangu juma lililopita, na aliyeuandika aliongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba unaweza kusubiri.

Simu ya kutoka mbele ikalia. Alikuwa Kapteni Thobias.

"Hewa inavuja. Nashuka hadi futi elfu kumi, halafu tunarudi Kigoma. Kagua watu. Na kumbuka mitungi ni miwili tu."

Miwili, kwa watu arobaini na wanne. Ndege ile ya mapangaboi haikuwa na vile vinyago vinavyoshuka vyenyewe darini. Ilikuwa na mitungi miwili midogo ya oksijeni huko nyuma, apewe atakayezidiwa. Hao wengine wamwombe Mungu wao.

Abiria wote walikuwa wakimbizi wa Burundi, wale waliovuka mwaka sabini na mbili, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa kambini. Sasa ulikuwa mwaka 2007, na waliokubaliwa kwenda Amerika walikuwa wanapelekwa Nairobi kwanza. Leonia, mzaliwa wa Kasingirima, pale pale Kigoma, alipangiwa safari hizi kwa sababu Kiha chake na Kirundi chao vinasikilizana vizuri. Akashika kipaza sauti.

"Ndege inashuka, msiogope. Mwenye shida ya kifua, au anayekosa pumzi, ainue mkono nimpe hewa."

Hakuna aliyeinua mkono. Watu wanahema midomo wazi, kucha zimeanza kubadilika rangi, lakini mikono yote imetulia mapajani. Leonia alirudia. Wapi! Ndipo akili ikamrudia, akajiona mjinga. Watu hawa walikuwa wamepimwa miaka miwili mfululizo. Walipigwa picha za vifua, wakatemeshwa makohozi kwenye vikopo, na aliyekohoa mbele ya daktari jina lake lilikwenda na maji. Leo huyu dada mwenye skafu shingoni anawauliza nani hawezi kupumua. Mkono wa nani uinuke?

Safu ya tisa alimkuta Mzee Ngendakumana, midomo ina rangi ya majivu. Binti yake Agnesi alikuwa anampepea kwa bahasha ya vyeti, kwa chini chini, kama anayefukuza nzi. Watoto wake wanne walikuwa wamekaa nyuma yao.

"Shikamoo, Mzee. Unapumua vizuri?"

"Vizuri kabisa, mwana wanje," alijibu kwa Kirundi, na maneno hayo machache yakamgharimu pumzi tatu.

"Baba ni mzima, dada," Agnesi aliwahi kwa Kiswahili. "Hakulala tu jana."

Leonia akaenda nyuma, akarudi na mtungi. Mzee akamshika kifundo cha mkono, akamshika kwa nguvu ambazo mtu wa hali ile hakupaswa kuwa nazo.

"Ukinivisha hicho, utaniandika."

Ilikuwa kweli. Mtungi ukifunguliwa lazima liandikwe jina la aliyeutumia.

"Sitaandika," Leonia alisema. "Haki ya Mungu, Mzee, sitaandika."

Mzee akamwachia. Akavuta ile hewa huku amefumba macho, na rangi ikaanza kumrudia taratibu. Agnesi alilia bila sauti, akamshika Leonia mkono na kuubana. Leonia akajisikia mtu mwema. Baadaye alipokumbuka kwamba alijisikia hivyo, alijichukia.

Walitua Kigoma salama. Abiria wakapelekwa kwenye banda la kusubiria, mafundi wakaufuata mlango. Kabla ya saa saba mchana mpira mpya ulikuwa umefungwa na ndege imetiwa saini kuwa ni nzima. Kwa ndege, mambo yalikuwa mepesi.

Kapteni Thobias alikuja na mtungi mkononi. "Mshale wa kipimo umeshuka. Nani katumia?"

Leonia angeweza kusema ni yeye. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mhudumu aliyetumia oksijeni husimamishwa kazi mpaka apimwe, apimwe tena, ahojiwe. Na tena, akajiambia, mzee akirushwa leo na kifua kile atafia njiani. Akalitaja jina. Miaka mingi baadaye aliwaambia watu kwamba alikuwa anaokoa roho ya mzee. Uongo mtupu. Alikuwa anaokoa kazi yake.

Afisa wa shirika lililokuwa likiwasafirisha alikuwa mama mgeni, mpole, asiyejua Kiswahili wala Kirundi. Alimwomba Leonia atafsiri. Mzee alipomwona Leonia akiingia na yule afisa alimtazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Afadhali angemtukana.

Afisa akaeleza: mzee atapimwa upya, na itachukua mwaka, pengine zaidi. Faili lao ni moja, watu sita, kwa hiyo wote watarudi kambini kungoja.

"Tutangoja, baba," Agnesi alisema. "Tumengoja miaka thelathini na mitano, mmoja utatushinda nini?"

Mzee akawatazama wajukuu wake katika viatu vyao vipya. Kisha akanyanyua kichwa.

"Mwambie kwamba huyu Agnesi si mwanangu. Nilimwokota njiani tulipokimbia. Mimi sina ukoo nao. Waende zao, mimi nibaki."

"Baba!"

"Nyamaza, Agnesi."

Hata kipofu angejua ni uongo. Paji la uso lilikuwa lile lile, hata mwanya wa meno. Leonia alielewa mzee anataka nini, na moyo ukamruka kwa furaha, maana aliona hapa ndipo atakapolipa kile alichokiharibu. Angeweza kusema mzee amechanganyikiwa kwa kukosa hewa. Hakusema. Alitafsiri neno kwa neno, akalikazia sauti ili liaminike.

Likaaminika. Afisa aliuliza mara mbili kama mzee ana hakika. Ana hakika. Akaandika, akamtaka aweke dole gumba, naye akaweka. Ndipo yule mama, kwa sauti ya huruma hasa, akasema kwamba familia iliyodanganya kuhusu undugu hufutwa yote. Faili la watu sita limefungwa.

"Anasemaje?" Agnesi aliuliza.

"Amekubali?" Mzee naye aliuliza, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wanaondoka leo?"

Leonia aliwaambia. Agnesi akakaa chini sakafuni. Mzee akamvuta Leonia mkono wa sare kama mtoto.

"Basi mwambie nimedanganya. Mwambie ni mwanangu. Nilimzaa mimi, mama yake alikuwa Kamariya. Mwambie!"

Leonia akatafsiri na hilo pia, neno kwa neno. Afisa akaliandika chini ya lile la kwanza.