Gitaa la Pili la Cornel

Cornel alikuwa na gitaa. Hilo ndilo lililomkondesha njia nzima kutoka Zombo mpaka Kilosa mjini, juu ya lori la pamba, pamoja na Bi Mwanakheri, kiongozi wa kwaya ya kijiji, aliyefunga fedha za kijiji kwenye pindo la khanga. Walikuwa wanakwenda kununua gitaa kavu, lisilo la umeme, kuukuu, la mzee mmoja wa reli aliyestaafu, ili kwaya yao isiende Sabasaba na ngoma tupu. Cornel alikuwa ametumwa kulikagua kwa sababu kijiji kizima hakuna mwingine anayejua kupiga.

Na gitaa alikuwa nalo, zima kabisa, tangu watu walipohamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne. Siku zile alisikia kwamba vyombo vitakuwa vya wote, akafikiria mikono ya wote juu ya nyuzi zake, roho ikamuuma. Akalificha kwenye banda la shamba lake la zamani, ng'ambo ya mto, akatangaza kwamba limepondwa na ukuta nyumba yake ilipobomolewa. Watu waliupokea uongo ule vizuri mno. Walikuja kumpa pole kama mtu aliyefiwa, huyu na unga, yule na kuku, na Cornel, bila haya, kuku akamla. Tangu hapo kila jioni alikuwa akivuka mto akisema anakwenda kufukuza nguruwe.

Juu ya lori alikwisha kuamua. Atasema gitaa ni bovu, fedha zirudi, mambo yaishe.

Mzee Lupakisyo aliwapokea barazani, kwenye nyumba za reli. Cornel alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa gitaa. Masikini, lilikuwa gitaa safi. Alilipiga kidogo tu, likatoa sauti ambayo lake halijawahi kuitoa.

"Shingo imepinda," alisema.

Lupakisyo hakubishana. Aliushika mkono wa kushoto wa Cornel, akabonyeza ncha za vidole, kimoja baada ya kingine.

"Nyumbani unalo?"

"Lilivunjika, mzee. Mwaka wa pili sasa."

"Sugu hizi ni za mtu aliyepiga juzi." Mzee akamgeukia Bi Mwanakheri. "Zungumzeni, mama. Mimi nitazame chai." Akaingia ndani.

"Ni jembe," Cornel alianza.

"Jembe halioteshi sugu hapo," Bi Mwanakheri alisema taratibu. "Usijisumbue, mwanangu. Upepo ukitoka ng'ambo tunalisikia mpaka kisimani."

"Nani analisikia?"

"Wote. Na wanao."

"Sasa mbona mmenileta huku?"

"Tungefanyaje? Tukikudai, tunakuvua nguo mbele ya watoto wako. Mkutano ukasema bora tununue jingine, wewe ubaki na lako."

"Mkutano gani? Mimi sikuwepo."

"Ulikuwa unafukuza nguruwe."

Kukamatwa alikuwa amejiandaa nako miaka yote miwili. Kuhurumiwa hakujiandaa nako hata kidogo. Aliwaona wote wamekaa chini kwenye mkutano ule, wanapanga namna ya kumfichia aibu yake kwa fedha za pamba waliyoilima wao, na akaona haya hata kumtazama mama huyu usoni.

"Tusilinunue," alisema mwishowe. "Nitalileta lile."

"Utawaambia limetoka wapi?"

"Nitasema nili..."

"Hapa tuko wawili na imekushinda. Kule watakuwa wengi."

"Nitasema, mama. Nitasema nililificha."

Bi Mwanakheri hakumsifu. Alikaza fundo la khanga yake, akamwonyesha kwa kidevu Lupakisyo anayetoka na sinia la chai.

"Basi anza na huyu. Gitaa lake umelisingizia."

Cornel akasimama.

"Mzee," alisema, "shingo ya gitaa lako haijapinda. Mimi ndiye mwongo."

Lupakisyo akaitikia kwa kichwa tu, akampa kikombe. Cornel alikipokea kwa mikono miwili, akakishika hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.