Mstari wa Nyantakara

Jovina alikuwa amekaa nyuma ya jiko la mama yake, kijijini Nyantakara, akisubiri maharage yaive, simu mkononi. Masomo ya kutengeneza kurasa za mtandao yalikuwa ya bure. Siku hiyo lilikuwa somo la kuzungushia kitu mstari. Mwalimu, ambaye hakuwahi kumwona, alisema alama ikifunguliwa lazima ifungwe. Jovina aliishia darasa la saba, lakini hilo alilijua tangu anachunga mbuzi.

Alipiga picha ya migomba yao, akaiweka kwenye ukurasa wake, akaizungushia mstari mweusi. Akapakua maharage.

Asubuhi mstari ulikuwa shambani. Upana wa kidole, mweusi, haufutiki kwa jembe. Haukufuata milamula, ile mimea ya mpaka, ilipo sasa. Ulipita pale marehemu baba yake alipoipanda mwenyewe, ndani kabisa ya shamba la Privatus, mdogo wa marehemu, aliyeing'oa na kuipanda upya wakati watu bado wako matangani. Kuku waliuruka. Tecla, mama yake Jovina, aliufagia majani, akaendelea na kazi.

Wazee wa ukoo waliitwa. Waliufuata mpaka mwisho, wakakubaliana kwamba ndipo penyewe. Kisha wakaketi wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, na mmoja akamweleza Tecla kwa upole kwamba mstari hausemi uongo, ila shamba la ukoo halikai kwa mjane asiye na mtoto wa kiume.

Jioni Privatus alikuja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, fundi. Usogeze basi, urudi kwenye milamula."

"Mimi nilichora tu, baba. Pa kukaa umejitafutia wenyewe."

"Sawa. Na laini ya hiyo simu ina jina la nani?"

Laini haikuwa na jina la Jovina. Alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa aliulizwa bibi yake alizaliwa nchi gani, na mpaka leo anasubiri. Laini ilisajiliwa kwa kidole cha Privatus, kama za wengi pale kijijini. Na ukurasa haufunguki bila namba ya siri inayotumwa kwenye laini hiyo.

"Hata mimi nasoma," Privatus alisema. "Niko somo la nne. Yule mwalimu anaelewesha."

Alipanda gari la Biharamulo mjini, akaweka kidole, akapewa laini mpya yenye namba ileile, akaufungua ukurasa. Simu ya Jovina ikapoteza mtandao. Shambani mstari ukaanza kusogea, taratibu, kama kivuli kinavyosogea mchana. Ulifika kwenye milamula, haukusimama. Ukapita migomba, ukapita choo, ukaingia jikoni.

Tecla aliepua chungu. Alisogeza mafiga, moja baada ya jingine, moto ubaki upande wao. Akautazama mstari kidogo, kisha akamwita Jovina aje washike kitanda.