Maji ya Shamba la Reuben

Asubuhi ya kesi, Josiah Thirkell alikula mkate na mafuta ya nguruwe, akang'arisha viatu vyake, akaenda mahakamani kutoa ushahidi.

Ilikuwa enzi ya Malkia Victoria, huko Lincolnshire, Uingereza, na shauri lilihusu kodi ya shamba. Mwenye ardhi alikuwa Bwana Everard Holbeach. Mpangaji alikuwa Hannah Brackenbury, mjane. Zamani shamba lilikuwa kinamasi. Marehemu mumewe, Reuben, alilichimba, akafukia mabomba ya udongo ya kutolea maji, likakauka na kuzaa ngano. Mkataba ulisema kodi haipandi kwa kazi aliyoifanya mpangaji. Bwana Everard alidai mabomba ni yake, kwa hiyo kodi iwe maradufu. Hannah asingeiweza. Angehama.

Josiah alichimba pamoja na Reuben, kama majirani wa kule walivyosaidiana kila majira ya baridi, leo kwako, kesho kwangu. Ila shamba lake nalo lilikuwa la Bwana Everard, na mkataba wake ulikuwa unakwisha.

"Nani alichimba?" wakili wa Bwana Everard alimuuliza.

"Watu wa Bwana," Josiah akasema.

Maji yakaanza kutoka viatuni mwake. Yalikuwa meusi, yananuka matete. Yalipofika watu vifundoni, karani aliweka majalada juu ya kabati. Bata wawili wakapita mbele ya kizimba.

"Hayo ndiyo maji yetu!" Hannah akasema. "Hata harufu naijua."

"Yamekula kiapo?" hakimu aliuliza, akipandisha miguu kwenye kigoda.

"Hapana, Mheshimiwa," karani akajibu.

"Basi si ushahidi. Bwana Thirkell, una hakika?"

Josiah aliwatazama bata. "Nina hakika."

Maji yakafika magotini.

"Josiah, ungetuambia tuje na mtumbwi!" mtu wa nyuma akasema. Watu wakacheka kidogo, kisha wakainamisha vichwa. Karibu wote walikuwa wapangaji wa Bwana Everard, na wengine walichimba na Reuben siku zile zile.

Bwana Everard alishinda. Watu walitoka wameshika viatu mkononi.

Siku ya kuhama, Hannah alisimamisha mkokoteni langoni kwa Josiah. Josiah alisimama katika dimbwi lake.

"Badilisha soksi, jirani," Hannah akasema. "Utapata kichomi."

"Haya, Bi Hannah."

Mkewe aliacha kupiga deki. Kanisani walimhamishia Josiah kiti cha karibu na mlango, maji yapate pa kutokea. Hakuna aliyemsema.

Msimamizi wa Bwana Everard alileta mkataba mpya. Shamba la Hannah lilikuwa limeunganishwa humo. Josiah akatia sahihi.

Msimu wa kulima aliingiza farasi katika shamba lililokuwa la Hannah. Ardhi ilikuwa kavu, laini. Alilima hadi jioni, viatu vikichuruzika, na kila alipopita juu ya bomba alijua, maana alikumbuka lipi alililaza yeye na lipi alililaza Reuben.