Maji ya Alfajiri

"Hivi mwanao kasoma miaka yote hiyo aje kulinda kopo tupu?" jirani alimuuliza mama siku moja, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Kopo lilikuwa kipimo cha mvua, pale uani. Binti yake alikuwa akilitumia kupimia ukame, na wakuu wa kituo kipya cha utafiti wa tabianchi wangekagua vipimo vyake kabla ya kumpa nafasi ya kusomea zaidi. Mama neno lile la jirani lilimkaa rohoni. Kila alfajiri, akishasali, alimimina maji kidogo ndani ya kopo, mwanawe asiaibike.

Siku ya ukaguzi, mkuu mmoja wa kituo alikuja mpaka sebuleni.

"Dada, mvua inakunyeshea wewe peke yako?"

"Nilidhani ni rasharasha za usiku, mzee."

"Ardhi kavu, nawe ukaandika mvua! Umepika takwimu."

"Ni mimi, baba," mama alisema. "Nilimwonea huruma mwanangu."

Mkuu akacheka. "Hilo ndilo baya zaidi. Mtafiti gani anadanganywa na mama yake? Nafasi tumempa mwingine."

"Mwanangu, nisamehe," mama alisema, akamshika mkono.

Binti akauchomoa mkono wake, akampita mama kama anayepita nguzo, akatoka.