Kwa Kosa Gani?

Binti yangu anasomea upolisi. Mtihani wa kukamata mtuhumiwa aliufeli kwa sababu alisahau kumtajia mtu kosa lake. Kesho anaurudia, na akifeli tena anafukuzwa chuo. Basi leo mchana alinikamata mimi, nikiwa naosha vyombo.

"Mama, uko chini ya ulinzi," alisema, amenishika mkono kama anashika yai.

"Kwa kosa gani?"

Akababaika. "Mama naye, si unajua."

"Sijui. Niachie, nina masufuria hapa."

Alitoka, akaingia upya. Mara ya nne sauti ilikuwa imekaza. "Mimi ni askari polisi. Nakukamata kwa tuhuma za kuiba simu sokoni. Una haki ya kunyamaza."

Alisema yote bila kutetemeka, mtoto huyu aliyekuwa akijificha nyuma ya gauni langu kila wageni walipokuja. Nikampa mikono yote miwili, inachuruzika povu, nikanyamaza.

Kimya kilipozidi, baba yake alichungulia jikoni kuuliza kama nimeanguka.